Edwin Cohn na albumini ya ng'ombe

Kwenye friji ya maabara yetu kuna kichupa cha unga mweupe: albumini ya ng'ombe, sehemu ya tano. Tangu mwaka wa pili nautumia kupimia protini. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliponiuliza kama basi nashika damu, nilikosa jibu, nikaanza kutafuta: tano ya nini?

Nikamkuta Edwin Cohn, mzaliwa wa New York mwaka 1892, profesa wa Harvard. Kufikia 1940 vita ilikuwa imewaka Ulaya, na Marekani ilitaka dawa nyepesi kubebeka ya kuwapa majeruhi waliopoteza damu. Cohn alijua kwamba kinachozuia maji yasitoroke kwenye mishipa ni hasa albumini. Akaitenga kwa kutia ethanoli kidogo kidogo kwenye majimaji ya damu, katika baridi kali, huku akirekebisha asidi na chumvi. Kila hatua protini fulani huzama chini. Fibrinojeni hutangulia; albumini hukawia mpaka ethanoli ifike asilimia 40. Ndiyo ya tano. (Kwa hiyo unga ule umepita kwenye damu na kwenye kileo. Nilipomwambia ndugu yule, alicheka, akasema sasa twende kwa sheikh.)

Albumini ya binadamu ilifaulu, na Desemba 1941 walipewa majeruhi wa Pearl Harbor. Lakini damu ya watu ilitegemea wachangiaji, wakati machinjioni ile ya ng'ombe ilikuwa tele. Cohn aliitumainia sana. Mwaka 1942 ikajaribiwa kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Norfolk, Massachusetts. Miili ya baadhi yao iliikataa, wakaugua, na mmoja akafa. Mpango wa kuwatia watu albumini ya ng'ombe ukaachwa.

Hapa ndipo nilipokwama. Waliambiwa wana hiari, nao wamefungiwa ndani! Nchi ilikuwa vitani, najua, lakini sijaridhika.

Cohn alifariki mwaka 1953. Albumini ya binadamu iko hospitalini hadi leo. Ile ya ng'ombe, iliyoshindwa kuwa dawa, ilihamia maabara, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na hutulia vizuri kwenye majaribio. Kichupa chetu kimebakiza gramu chache, na fundi ameshaagiza kingine.