Kondoo wa Njoro na somo la uongozi

Wanafunzi wanaosomea usimamizi wa biashara hunijia mara kwa mara, wakitaka niwasaidie kupata Kiswahili cha istilahi zilizomo vitabuni mwao. Vitabu hivyo vimesheheni mifano ya makampuni ya Marekani na Japani. Sina ugomvi navyo. Hata hivyo, huwauliza swali moja: je, mmewahi kuitazama historia ya Njoro, hapa karibu na mji wa Nakuru?

Ninayemkusudia ni Hugh Cholmondeley, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Delamere. Najua kwamba jina hilo huwachefua wengi, na sababu wanayo. Nitaifikia.

Delamere alizaliwa mwaka 1870 huko Uingereza, akarithi cheo na mali ya babake angali kijana. Tangu mwaka 1891 alikuwa akienda Somalia kuwinda, na huko simba alimjeruhi mguu, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwishoni mwa karne hiyo alisafiri na ngamia wake hadi nyanda za juu za Kenya, akazipenda. Mwaka 1903 akaja kulowea, na serikali ya kikoloni ikamkodishia ekari 100,000 za Njoro kwa muda wa miaka 99.

Ardhi yenyewe ilikuwa na nyasi tele na maji. Mtu mwenye busara angejiuliza: mbona Wamaasai, wafugaji hodari waliolitawala bonde hili, hawapendi kulisha ng'ombe wao hapa? Delamere aliona bahati pale ambapo wenyeji waliona hatari. Aliagiza mamia ya kondoo kutoka New Zealand na madume ya ng'ombe kutoka Uingereza. Kondoo wale walikonda katikati ya malisho mema, wakafa. Ng'ombe nao walishambuliwa na maradhi. Miaka mingi baadaye wataalamu walithibitisha kwamba udongo wa sehemu hizi una upungufu wa madini ya kobalti, na ugonjwa unaotokana na upungufu huo wakaupa jina la Nakuru. Wamaasai hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamejua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mimi ni mtu wa lugha, na hili hunigusa kwa namna ya pekee. Majina ya bonde letu ni ya Kimaasai: Nakuru na Elmenteita ni majina ya vumbi, na Njoro ni jina la chemchemi. Waliotangulia walikuwa wameyaandika maarifa yao juu ya ardhi yenyewe. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza na mtu wa kusikiliza.

Sithubutu kumcheka Delamere, kwa maana nami nimelitenda kosa lilo hilo. Niliwahi kupewa jukumu la kuwapangia wanafunzi shule za kufanyia mazoezi ya ualimu. Nilijifungia ofisini na ramani, nikapanga safari zote za ukaguzi. Mvua ziliponyesha, gari letu lilikwama matopeni siku nzima. Dereva wetu alijua tangu awali kwamba barabara ile haipitiki masika. Nilipomwuliza mbona hakusema, alinijibu kwa adabu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Turudi Njoro. Sifa ya Delamere ni kwamba hakulificha kosa wala hakuling'ang'ania. Mifugo aliihamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na huko akawategemea wachungaji wa Kimaasai. Njoro akapanda ngano. Ngano nayo ilipoangamizwa na ugonjwa wa kutu, hakuilaumu mvua wala vibarua; alimwajiri mtaalamu wa mbegu na kufungua maabara papo hapo shambani. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga ili ngano ipate kinu, na mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa walowezi walioanzisha chama cha ushirika cha maziwa, KCC. Alitambua kwamba mazao bila soko ni hasara iliyoahirishwa.

Lakini hesabu haiishii hapo. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa ujio huu, mwenyeji hakupona. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika bonde hili, wengine wakapelekwa Laikipia. Kwa ule wa mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka huko. Delamere alikuwa kinara wa walowezi waliotaka nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Alijifunza kumsikiliza Mmaasai katika habari za ng'ombe, asimsikilize katika habari za haki.

Alifariki Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61 na madeni makubwa. Sanamu yake iliyosimamishwa Nairobi iliondolewa mwaka 1963, na barabara iliyokuwa na jina lake ikaitwa Kenyatta. Hata hivyo, utafiti wa ngano ungali Njoro. Katika kituo cha KALRO, mbegu kutoka nchi nyingi hujaribiwa dhidi ya aina ya kutu iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998.

Basi nanyi walimu wakuu, wakurugenzi, na wanafunzi mtakaorithi ofisi hizo, someni vitabu vya ng'ambo. Lakini kabla ya kuagiza kondoo wenu, mwulizeni mchungaji, dereva na tarishi. Na mkishawauliza, msichukue maarifa yao na kuwanyima haki yao.