Denis Burkitt: daktari wa Mulago aliyeufuata uvimbe kwa gari

Katika wilaya ya Huangpu, jijini Guangzhou, kusini mwa China, Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kina tawi la kituo chake cha saratani. Saratani ya nyuma ya pua, pale inapokutana na koo, imeenea mno katika jimbo la Guangdong hata ikapewa jina la jimbo hilo.

Kirusi kinachohusishwa na maradhi hayo kiligunduliwa mara ya kwanza katika uvimbe wa watoto wa Uganda. Aliyeufuatilia uvimbe huo ni daktari mpasuaji mwenye jicho moja, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, ambao leo uko Ireland ya Kaskazini. Alipoteza jicho katika ajali akiwa mtoto. Mjini Dublin alianza kusomea uhandisi kabla ya kugeukia udaktari. Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alikwenda Uganda mwaka 1946, kwanza Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, Dk. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Haukuwa uvimbe wa kawaida, na Burkitt hakujua la kufanya. Wiki chache baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali ile ile, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Alipopekua majalada ya Mulago alibaini kwamba saratani zilizokuwa zikipewa majina tofauti, kulingana na kiungo kilichoathirika, zilikuwa ugonjwa mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1958.

Safari ya kilomita 16,000

Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa takriban wiki kumi walizunguka hospitali kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja: je, uvimbe huu mnauona? Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba nyanda za juu zenye baridi zilisalimika, ilhali maeneo ya joto na mvua yaliathirika. Burkitt alishuku kirusi kinachoenezwa na mbu.

Mapema mwaka huo alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wamekiona kirusi hicho kwa darubini ya elektroni.

Dhana ya mbu ilikuwa na kasoro, lakini kasoro yenye manufaa. Kirusi cha Epstein-Barr huenezwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Kinacholetwa na mbu ni malaria.

Ishara za uongo

Kirusi hiki hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Seli kama hizo hazigawanyiki ovyo. Husubiri ishara kupitia vipokezi vilivyo juu yake. Protini moja ya kirusi hujipachika kwenye utando wa seli na kujifanya kipokezi kinachopokea ishara mfululizo, ingawa hakuna aliyeituma. Seli huongezeka, na kirusi huongezeka pamoja nayo bila kujitokeza. Ishara ya kweli inapokuja, seli ikakutana na kijidudu inachokitambua, kirusi huweza kuamka, kikajizalisha kwa wingi na kuiua seli.

Katika uvimbe wa Burkitt, sehemu kubwa ya protini hizo huzimwa. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli kugawanyika, hadi siku kipande cha kromosomu ya 8 kinapohamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14 na kuiwasha jeni ya ukuaji isizimike tena.

Guangdong hali ni nyingine. Kirusi ni kile kile, lakini hatari huongezwa na urithi wa kifamilia na samaki wa chumvi wanaoliwa tangu utotoni. Uhusiano huo ulianza kuonekana mwaka 1966, nao ulipitia Afrika Mashariki: damu ya wagonjwa wa Kenya wenye saratani ya nyuma ya pua ilikutwa na kingamwili dhidi ya seli za uvimbe wa Burkitt.

Burkitt mwenyewe alijali zaidi tiba. Kwa kuwa Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, aliwapa watoto dawa, na baadhi walipona kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho ni chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kurejea Uingereza, ambako baadaye alivuma kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi.

Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Epstein alimfuata Februari 2024, akiwa na miaka 102. Chanjo dhidi ya kirusi chao bado iko katika majaribio.