Mackay wa Usambiro

Sisi Wakristo wa Shinyanga na Geita tusimsahau Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland. Alifika Uganda mwaka 1878, akafanya uhunzi na useremala, akapiga chapa Maandiko kwa Kiganda. Mwaka 1885 na 1886 aliwapoteza vijana aliowafundisha, waliouawa kwa ajili ya imani. Julai 1887 Kabaka Mwanga alimfukuza. Akavuka ziwa, akaanza upya Usambiro, upande wetu huu wa kusini.

Huko nako majonzi yalimfuata. Machi 1888 Askofu Parker na mwenzake Blackburn walifariki katika mwezi mmoja. Mwaka 1889 msafara wa Stanley ulipita, naye angeweza kushuka nao pwani. Akabaki, akitafsiri. Februari 1890 malaria ilimwua, umri wake miaka 40, kabla hajaiona Uganda tena.

Mavuno hakuyaona. Lakini Waganda waliendelea kusoma, na mwaka 1927 mabaki yake yalizikwa Namirembe, penye kanisa kuu.

Nasi, ndugu, mvua ikikosekana au shimo la dhahabu lisipotoa kitu, tufanye kazi ya leo. Mavuno ni ya Bwana.