GILBERT WHITE: MZEE ALIYEONA KWA MASIKIO

Wahenga walisema kusikia si kuona. Mpenzi msomaji, leo nataka nikusimulie juu ya mtu ambaye kwake kusikia ndiko kulikokuwa kuona.

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 Julai 1720 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Alisomea Oxford, akawa kasisi, na hakuoa maishani. Kazi yake aliyoipenda ilikuwa kuzunguka vichakani na kuandika kila alichokiona na kukisikia.

Huko kwao kulikuwa na sauti iliyotoka kwenye miiba kama ya panzi. Wanakijiji walijua ni mdudu tu. Ukiwaambia ni ndege, wanakucheka! White hakujali kicheko. Ndege huyo ni mjanja ajabu. Ukimkaribia anapenya chini ya miiba kama panya. Ilibidi White amtume mtu azunguke upande wa pili wa ua ndipo amwone. Lakini alfajiri, pakiwa kimya, aliweza kumkuta juu ya kijiti akiimba mdomo wazi.

Mwaka wa 1768 alifanya kubwa zaidi. Kulikuwa na vijindege vilivyofanana kama mapacha, vikadhaniwa ni aina moja. White alisikiliza akagundua ni aina tatu. Mmoja hurudia sauti mbili tu. Wa pili wimbo wake hushuka polepole. Wa tatu hulia juu kabisa ya miti akitetemesha mabawa. Huyo wa pili ni mgeni wetu pia, kwani kila mwaka hukimbia baridi ya Ulaya na wengine hufika hapa Kenya.

Kinachonihuzunisha ni kwamba masikio hayo hayo yalianza kumsaliti. Kuna nyakati alikuwa kiziwi, na ndege wakiimba yeye hasikii. Je, alikata tamaa? La hasha! Aliendelea kuandika. Kitabu chake kuhusu Selborne kilitoka mwaka wa 1789, na daftari lake aliliandika hadi mwezi ule ule aliofariki, tarehe 26 Juni 1793.

Wenzangu, sisi wa kutwa hutembea kila asubuhi ndege wakilia pande zote, nasi twapiga domo tu. Masikio hayalipiwi karo. Hebu tuyatumie yangali mazima.