Dicke, daktari aliyewaondolea watoto mkate

DAKTARI wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke (1905-1962), ndiye aliyebaini kuwa ngano huwadhuru wenye siliaki, ugonjwa wa utumbo uliokuwa ukiua watoto kwa kuharisha na kudhoofu.

Tangu miaka ya 1930, akiwa hospitalini The Hague, aliwaondolea mkate wagonjwa wake. Njaa kali ya mwaka 1944 hadi 1945, iliyowafanya Waholanzi kula hata vitunguu vya maua, ilizidi kumpa imani na dhana hiyo. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950.

Chanzo chenyewe hakukijua. Mwaka 1993, watafiti wa Oslo walionyesha kuwa seli T za kinga, zilizomo utumboni mwa wagonjwa, huishambulia protini ya ngano kama adui. Vita hivyo ndivyo vinavyouchakaza ukuta wa utumbo.