Sultani Yusuf bin Hasan: Mtoto Aliyetolewa Nyumbani Kwao

Miongoni mwa wafalme waliotawala kisiwa hiki cha Mvita, ni wachache waliotajwa sana na Wazungu katika vitabu vyao, na kusahauliwa sana na watu wa mji wao wenyewe, kama Sultani Yusuf bin Hasan. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Wengi wetu tukisikia habari yake twasikia kisa kimoja tu, kile cha mwaka 1631 alipoitwaa Ngome kwa jambia na upanga. Walakini atakaye kukifahamu kisa hicho hana budi kurudi nyuma, mpaka siku Yusuf alipokuwa mtoto wa miaka kama saba, akaondolewa nyumbani kwao.

Nyumba hiyo ilikuwa ya kifalme, lakini enzi yake ilikuwa ya kuazimwa. Babu yake, Sultani Ahmad, alikuwa mfalme wa Malindi na rafiki wa Wareno. Wareno walipoushinda mji wa Mvita walimhamisha Malindi wakamweka hapa awe mfalme, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome. Alipokufa alirithiwa na mwanawe Hasan. Basi pakawa na mabwana wawili katika kisiwa kimoja: sultani mjini, na kapteni wa Kireno Ngomeni, na mwenye mizinga ni kapteni. Wakagombana. Sultani Hasan alipoona hana salama alivuka bara kutafuta himaya kwa Wamusungulo, na Wareno wakawapa watu hao rushwa, wakamwua mgeni wao. Hayo yalitukia mwaka 1614. Kichwa cha sultani kikapelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi.

Na mwanawe akapelekwa Goa vilevile.

Huko alitiwa mikononi mwa watawa wa Kikristo wa chama cha Augustino. Wakamsomesha, wakambatiza, wakampa jina jipya. Fikiri, ndugu msomaji, ni miaka gani aliyoipitisha huko. Ni ile miaka ambayo kijana wa Mvita hukaa chuoni mbele ya mwalimu wake, akafuatana na wazee msikitini alfajiri, akajua nani ami yake na nani mjomba wake, na akajifunza, bila ya kufundishwa, jinsi ya kuingia katika nyumba ya watu na jinsi ya kutoka. Yusuf alibaleghe ugenini. Sauti yake ilivunjika akisema Kireno.

Wala si haki kusema kwamba waliomlea walimnyima mambo ya dunia. Walimlisha na kumvika, wakamfunza elimu yao. Alitumika katika merikebu zao za vita, akavishwa nishani ya heshima, akaozwa mke huko huko. Yamkini wako miongoni mwa watawa wale waliompenda kwa kweli. Lakini mlezi yeyote amleaye mtoto wa watu ana jambo alitakalo kwake, na Wareno walilisema lao bila ya kificho: walitaka mfalme wa Mvita atakayekuwa mtu wao kwa dini, kwa lugha na kwa mapenzi, ili isiwalazimu tena kumwua kama walivyomwua babake.

Mwaka 1626 wakamrudisha akatawale. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini, amevaa nguo za Kireno, na mkewe Mkristo yu pamoja naye. Aliandika hata barua ya utii kwa Papa wa Roma. Wareno wakadhani kazi yao imetimia.

Basi hebu tumtazame kijana huyu akipita Ndia Kuu, njia ambayo Wareno waliokaa huko wakiiita Raposeira. Watu wa mji wamwona nini? Wamwona mwana wa Hasan, lakini hasali nao, hafungi nao, na jina lake ni jina la kasisi. Akiingia Ngomeni, makapteni nao wamwona nini? Wamwona mtu wa pwani aliyesilimu kwao, ambaye hawaoni haya kumdharau. Cheo cha mfalme alikuwa nacho, na nyumba ya babake alirudishiwa, lakini aliishi humo kama mpangaji. Sisi hupenda kuwalaumu Wareno peke yao katika habari hii, na lawama kubwa ni yao kweli. Walakini mtu hujiuliza ni wangapi katika waungwana wa mji waliomwendea kijana yule kwa upole, wakamketisha kitako, wakamweleza habari za babake. Mara nyingi twamwona mtoto aliyelelewa mbali na kwao akirudi na mwendo wa kigeni, na la kwanza tulifanyalo ni kumcheka.

Hata hivyo alikuwako mmoja aliyemwendea, naye ni marehemu babake. Yusuf alionekana usiku akenda kaburini kwa babake, na akisali huko kwa namna ya Kiislamu. Mambo ya kitoto hayafutiki yote. Kuna yaliyoingia kabla ya miaka saba ambayo hata Goa haikuyatoa. Habari ikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, naye akaazimia kumpeleka Goa akahukumiwe kwa kuiacha dini ya Kikristo. Maana yake ni kwamba ataondolewa nyumbani kwao mara ya pili, kwa njia ile ile ya bahari, na safari hii si kwenda kulelewa.

Yusuf alipata kulijua shauri hilo. Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, nao ni Muharram wa mwaka 1041, siku ya sikukuu ya Wareno, aliingia Ngomeni na watu wake kama aendaye kumzuru kapteni, akamwua. Akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu na jina lake ni Yusuf.

Lau mambo yangekoma hapo, kumsifu kungekuwa rahisi. Hayakukoma. Katika siku zilizofuata waliuawa Wareno waliokimbilia kwa watawa, na pamoja nao Waafrika walioingia Ukristo. Wake kwa waume, na watoto. Wako watu wamwitao Yusuf shujaa na kuiruka sehemu hii. Sisi hatuwezi kuiruka, kwa kuwa dini aliyoirudia haimlazimishi mtu kuingia, na yakataza kuua wanawake na watoto hata vitani. Lakini ni nani aliyemfundisha dini hiyo? Aliondolewa chuoni angali mdogo. Alilolijua vema, alilosomeshwa kwa miaka kumi na zaidi, ni vita vya Wareno.

Mwezi wa Januari 1632 merikebu zilitoka Goa kuja kumtoa, zikauzingira mji, na mwezi wa Machi zikarudi na hasara. Yusuf alikuwa ameshinda. Walakini alijua watarudi, na mwezi wa Mei aliivunja Ngome kadiri ya uwezo wake, akauharibu na mji, akapanda merikebu aliyowateka Wareno, akatweka. Mji wa babake, alioutwaa kwa damu ili asitolewe, aliutoka mwenyewe. Katika mwaka ule ule Wareno wakaingia tena Mvita, wakaukuta mtupu.

Miaka iliyobaki aliipitisha baharini, mara Uarabuni, mara Bukini, akiwawinda Wareno nao wakimwinda. Mwaka 1635 kapteni Francisco de Seixas Cabreira alitia jiwe la maandishi juu ya mlango wa Ngome kujisifu kwamba ameijenga upya, naye ni mtu wa miaka 27. Yusuf alikuwa karibu hirimu yake. Jiwe hilo liko mpaka leo, na kila aingiaye Ngomeni hupita chini yake. Yusuf bin Hasan alikufa mwaka 1638, huko Jeddah.