Abdallah Fundikira

Abdallah Said Fundikira (1921 – Agosti 2007), anayejulikana pia kama Mtemi Fundikira III, alikuwa mtemi wa Unyanyembe na mwanasiasa wa Tanzania kutoka Tabora. Alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, na miaka karibu thelathini baadaye alikuwa kati ya viongozi wa mwanzo waliodai kurudishwa kwa mfumo wa vyama vingi.

Asili na elimu

Alizaliwa Tabora katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, dola ya Wanyamwezi iliyokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji. Makao ya watemi yako Itetemia, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora sawa na Ipuli. Jina Fundikira lilikuwa la mtemi aliyetawala katikati ya karne ya 19, wakati wafanyabiashara Waarabu walipokuwa wameshajenga makazi yao hapo. Mtemi Isike, wa ukoo huohuo, alikufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani. Baba yake Abdallah, Mtemi Saidi, aliondolewa madarakani na Waingereza mwaka 1929.

Abdallah alisoma shule ya serikali ya Tabora, alikosoma pia Julius Nyerere, kisha akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea kilimo. Aliporudi alifanya kazi katika idara ya kilimo kabla ya kuwa mtemi.

Mtemi na waziri

Watemi na machifu wengi wa wakati ule walisita kukiunga mkono chama cha TANU, kwa sababu mishahara na vyeo vyao vilitoka kwa serikali ya kikoloni. Fundikira alichukua njia nyingine. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika uchaguzi huo Fundikira aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Jimbo la Magharibi.

Baadaye aliingia katika baraza la mawaziri, akashughulikia ardhi kisha sheria. Alikuwa Waziri wa Sheria wakati nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Mwaka 1963 ulibadilisha hali yake. Sheria ya mwaka huo ilifuta madaraka ya watemi na machifu nchi nzima. Januari mwaka huohuo TANU iliamua kwamba Tanganyika ielekee kwenye mfumo wa chama kimoja. Ni mwaka huo pia Fundikira alipoacha uwaziri. Mfumo wa chama kimoja uliingizwa katika katiba mwaka 1965.

Aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa East African Airways, shirika la ndege la Kenya, Uganda na Tanzania, ambalo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mageuzi na chama cha UMD

Juni 1991 wanamageuzi walikutana Dar es Salaam na kuunda kamati ya kudai katiba mpya, na Fundikira akawa mwenyekiti wake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 70. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta kwamba karibu watu 8 katika kila 10 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992.

Fundikira aliiacha kamati, ambayo upande mmoja wake ulizaa chama cha NCCR-Mageuzi, akaanzisha Union for Multiparty Democracy, kwa kifupi UMD. Sheria mpya ilikataza vyama vya kabila, dini au eneo moja. Ili kusajiliwa, chama kilihitaji wanachama 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua 10, pamoja na Unguja na Pemba. Kwa hiyo heshima ya Fundikira kati ya Wanyamwezi haikutosha peke yake kujenga chama.

Katika uchaguzi mkuu wa 1995 UMD haikuwa na mgombea kati ya wanne waliowania urais. Bungeni CCM ilipata majimbo 186 kati ya 232. Vyama vinne vya upinzani, CUF, NCCR-Mageuzi, Chadema na UDP, viligawana yaliyobaki, na UMD haikupata hata kimoja.

Miaka ya mwisho

Baadaye Fundikira alirudi CCM. Alifariki Agosti 2007. Mfumo wa vyama vingi alioudai bado unaendelea nchini Tanzania.